Habari Haitoki: Kutafuta Kasoro Katika Chumba cha Habari cha Kujitolea

Jumuiya ya habari ya mtandaoni inayoandikwa na watu wa kujitolea ikianza kudorora, lawama ya kwanza huwaangukia waandishi: hawana bidii, hawajui kuandika, wanataka pesa. Mara nyingi lawama hiyo imepotea njia. Kabla ya kumgusa mtu yeyote, pimeni njia ambayo habari inapita. Chukueni rasimu kumi za mwisho, zilizochapishwa na zisizochapishwa, na kwa kila moja andikeni nyakati nne: ilipofika, mhariri alipoifungua kwa mara ya kwanza, mwandishi alipojibiwa, na ilipotoka. Kurasa mbili za daftari zatosha. Penye pengo kubwa ndipo pa kuanzia, na kwa kawaida pengo hilo liko kati ya kufika na kujibiwa, yaani liko kwa wahariri.

Mwongozo huu ni wa jumuiya ndogo za Uganda zinazoandika kwa Kiswahili, zenye waandishi kumi hadi arobaini: wengine Kampala, wengine mipakani Busia na Mpondwe, wengine katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, karibu wote wakiandika kwa simu na kununua bando la siku.

Rasimu zinaingia, habari hazitoki

Foleni ina rasimu kumi na mbili. Ukurasa wa mbele una habari ya Jumatatu, na leo ni Alhamisi.

Angalieni kwanza kama mlango wa kutokea ni mmoja. Mtu mmoja, aghalabu mwanzilishi, ndiye mwenye ruhusa ya kuchapisha, na ana kazi yake ya kutwa. Akienda kijijini kwenye msiba kwa siku tatu, tovuti nzima imekwenda msibani. Tiba ni wahariri wasiopungua watatu wenye ruhusa hiyo, na zamu zilizoandikwa kwa siku na saa, si ahadi ya kwamba atakayepata nafasi atasoma. Zamu ya saa moja hadi saa tatu usiku inawafaa wengi. Kwa zamu hiyo msimpe mhariri zaidi ya rasimu nne za maneno 300 hadi 400. Ya tano huisoma akiwa amechoka, na ndiyo itakayowaletea matatizo.

Kama zamu zipo na foleni bado haisogei, mtazameni mhariri anayeandika upya. Rasimu inakaa mikononi mwake saa tatu nzima, na ikitoka, mwandishi hatambui hata sentensi yake moja. Mhariri wa namna hii huheshimiwa kwa bidii, naye ndiye aliyeziba bomba. Mwekeeni mpaka: tahajia na alama za uandishi arekebishe mwenyewe, jambo la ukweli alirudishe kwa mwandishi, na ikiwa zaidi ya theluthi moja ya sentensi zinahitaji kuandikwa upya, airudishe rasimu nzima pamoja na maswali yasiyozidi matatu. Maswali kumi ni namna ya kusema hapana bila kusema hapana.

Sababu ya tatu hujificha zaidi: hakuna anayejua neno “tayari” lina maana gani. Wikinews, mradi wa habari wa kujitolea ulioanza mwishoni mwa mwaka 2004, uliliamua jambo hili kwenye toleo lake la Kiingereza kwa kutaka kila habari ipimwe na mtu asiyeshiriki kuiandika, kwa vitu vitano: hakimiliki, kama kweli ni habari, kama inathibitika, kama haielemei upande, na mtindo. Iliyoanguka kwenye kimoja ilirudishwa ikiwa na sababu. Kipimo ni kizuri, lakini kina bei yake: wapimaji wakiwa wachache, habari huchachia kwenye foleni, na habari ya juzi haina mnunuzi. OhmyNews ya Korea Kusini, iliyoanza Februari 2000 na waandishi raia 727, ilikwepa mtego huo kwa kuwa na wahariri wa kuajiriwa tangu mwanzo.

Jumuiya isiyolipa mtu haiwezi kuiga hilo. Inachoweza ni kugawa habari katika njia mbili. Njia nyepesi ni ya taarifa fupi isiyomtuhumu mtu: maneno 120, chanzo kimoja kinachotajwa, msomaji mmoja, inatoka siku hiyo hiyo. Mnada wa ng'ombe umehamishwa, daraja limefungwa, chanjo inaanza Jumatatu. Njia nzito ni ya habari yenye tuhuma, vifo, fedha za umma au mtoto: wasomaji wawili, vyanzo viwili visivyotegemeana, na haitoki usiku mhariri akiwa peke yake. Andikeni juu ya kila rasimu njia yake mara inapofika. Foleni nyingi zimeziba kwa sababu taarifa ya mnada inasubiri nyuma ya tuhuma ya wizi wa dawa.

Mwisho, hesabuni njia za kuingilia. Rasimu zikija kwa WhatsApp ya mhariri huyu, barua pepe ya yule, na ujumbe wa sauti kwa wa tatu, nyingine zitapotea tu. Chagueni sehemu moja. Ujumbe wa sauti upokeeni, maana wapo waandishi wazuri ambao kidole kwenye simu ni kizito, lakini mpangieni mtu wa kuuandika: sauti ya dakika tatu hutoa karibu maneno 300.

Waandishi wapya wanatoweka baada ya habari moja

Kabla ya kusema hawana moyo, someni alichojibiwa kila mmoja wao, na saa ngapi. Mwandishi wa kujitolea halipwi kwa pesa, hulipwa kwa kuona kazi yake imepokelewa. Kimya cha siku nne kinasomeka kama dharau.

Jibu la kwanza lifike ndani ya saa kumi na mbili, hata kama rasimu haijasomwa yote. Liwe na mambo matatu: imefika, itasomwa lini, na swali moja la kweli linaloonyesha kwamba kuna mtu ameifungua. Kwa mfano:

“Salamu dada. Habari yako ya bei ya samaki Mpondwe tumeipata saa tatu asubuhi. Mhariri wa zamu ataisoma leo kabla ya saa tatu usiku. Tunaomba uulize tena jambo moja: bei uliyoandika ni ya kilo au ya samaki mmoja, na ni ya shilingi au ya faranga?”

Angalieni pia mnarekebisha wapi. Mzee wa miaka sitini akionyeshwa makosa yake ndani ya kundi lenye watu themanini, na anayemwonyesha ni kijana wa ishirini na mbili, harudi, na wala hatasema kwa nini. Masahihisho ni ya faragha, yaanze kwa salamu inayomstahili. Pongezi ndizo za kundini. Na jina lake litoke kama alivyolitaka yeye. Kumwandikia “Mwandishi Wetu” mtu aliyepanda boda boda mbili kuifuata habari ni kumnyang'anya ujira wake pekee.

Sababu nyingine ni gharama, na hii haisemwi waziwazi. Bando la intaneti Uganda lina ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, na kutoa pesa za simu kuna kodi ya asilimia 0.5 juu ya ada ya mtandao wa simu. Mkitaka kumrudishia mwandishi gharama, mnunulieni bando moja kwa moja kwenye namba yake, iwe ya MTN au Airtel, badala ya kumtumia pesa atakazokatwa akizitoa. Wekeni kiwango kimoja kwa wote na daftari linaloonekana na wote. Kujitolea ni kutoa muda na akili. Mtu asiombwe atoe na chakula cha wanawe.

Rasimu imekuja haina saa, haina mahali, haina bei

Hili ndilo kosa la kila siku, na mhariri akilielewa vizuri ataokoa nusu ya kazi yake. Tazameni rasimu hii ya kutunga:

“Jana saa mbili lori la mafuta lilipinduka Busia na kuua watu wengi. Watu walichota mafuta wakauziana elfu moja. Wananchi wamekasirika.”

Saa mbili ipi? Kwa Kiswahili, na kwa Kiganda vilevile, saa mbili ni saa ya pili tangu kuche au tangu giza liingie. Lakini simu ya mwandishi inaonyesha 2:00, na mwandishi aliyezoea kuandika kwa Kiingereza huinakili kama ilivyo, akiwa na maana ya saa nane. Kosa ni la saa sita kamili, na linatosha kumweka mtu mahali ambapo hakuwapo. Kanuni: hakuna saa inayotoka bila alfajiri, asubuhi, mchana, jioni au usiku nyuma yake. Tukio la saa saba usiku liandikwe “usiku wa kuamkia Jumanne”, kwa sababu “Jumatatu usiku” kila msomaji huisoma kivyake. “Jana” ifutwe kabisa. Iwekwe siku na tarehe.

Busia ipi? Mpaka umepita katikati: ipo Busia ya Uganda na ipo Busia ya Kenya. Hata ndani ya nchi, majina ya vijiji hujirudia wilaya hadi wilaya. Dai kijiji, parokia, kata ndogo na wilaya kwenye kila rasimu, hata kama mtachapisha mawili tu kati ya hayo. Nakivale ni pana mno kuandikwa peke yake. Mwandishi aseme ni Base Camp, Juru au Rubondo, kisha kijiji.

Elfu moja ya nani? Mpakani shilingi mbili hutembea mfuko mmoja, na ya Kenya ina thamani zaidi ya mara ishirini ya ya Uganda. Mpondwe kuna faranga za Kongo na dola. Na elfu moja ya nini: chupa, lita, dumu? Bei bila kipimo haimsaidii mtu.

“Watu wengi” ni wangapi, na nani kawahesabu? “Wananchi wamekasirika” iondoke. Mahali pake awekwe mtu mmoja aliyesema neno, au tendo lililoonekana. Baada ya maswali, rasimu ile ile ingesomeka hivi:

“Lori la mafuta lilipinduka Jumanne saa mbili asubuhi kwenye barabara ya Busia kwenda Tororo, upande wa Uganda. Polisi wa wilaya wamethibitisha vifo vya watu watatu. Mwandishi wetu aliwaona wakazi wakichota mafuta kwa madumu na kuuza lita moja kwa shilingi 1,000 za Uganda. Barabara ilifungwa hadi saa saba mchana.”

Watumieni waandishi mifano miwili kama hii, mbaya na nzuri, kwenye picha moja ya kuhifadhi simuni. Kanuni ya kurasa ishirini haisomwi na mtu aliyesimama barabarani.

Idadi zinagongana

Radio inasema 55, gazeti linasema 77, na mwandishi anauliza aandike ipi. Mara nyingi zote mbili ni sahihi, ila zinahesabu vitu tofauti. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Mubende tarehe 20 Septemba 2022 na kutangazwa kwisha tarehe 11 Januari 2023 ni funzo zuri: wagonjwa waliothibitishwa maabara walikuwa 142, na kati yao 55 walifariki. Wengine 22 walifariki kabla ya kupimwa, wakahesabiwa kuwa yumkini walikuwa na ugonjwa huo. Aliyeandika 55 alikuwa sahihi, na aliyeandika 77 alikuwa sahihi kama alieleza. Aliyesema tu “waliokufa kwa Ebola” bila kueleza ndiye aliyekosea.

Kila idadi itoke na mambo matatu: ni ya nani, ni ya saa ngapi, na inahesabu kundi gani. Msichukue wastani wa namba mbili, wala msichague kubwa kwa kuwa inavuta macho. Katika ajali na maporomoko idadi hupanda kadiri miili inavyopatikana, kama ilivyokuwa dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024. Kwa hiyo badilisheni namba ndani ya habari ile ile na muweke mstari juu kabisa unaosema ilibadilishwa saa ngapi. Mkifungua habari mpya kila namba inapopanda, ile ya zamani itaendelea kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp na kuwasuta.

Picha ni ya kweli, ila si ya leo

Mvua ikinyesha kwa wingi Mlima Elgon, picha za maporomoko huanza kupita simu hadi simu. Bududa ilifukiwa Machi 2010 na tena Oktoba 2018. Bulambuli Novemba 2024. Tope ni tope, na picha ya mwaka wowote kati ya hiyo inaweza kupita kama ya jana asubuhi.

Mwulizeni mwandishi swali moja la mwanzo: umepiga mwenyewe? Akisema ndiyo, aitume kama faili na si kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha na kuondoa taarifa za tarehe na mahali zilizofichwa ndani yake. Aongeze picha mbili zaidi za pale pale, moja kabla na moja baada. Mwenye picha yake ni nadra kuwa na moja tu. Akisema ametumiwa, tafuteni picha hiyo kwa Google Lens na TinEye, kisha ikateni pembezoni au muigeuze kushoto kulia na mtafute tena, kwa kuwa wapotoshaji huigeuza ili isipatikane. Kukosekana huko si uthibitisho. Angalieni vibao vya maduka, namba za magari, mavazi ya polisi, paa, na vivuli kama vinaafikiana na saa iliyotajwa. Mkibaki na shaka, habari itoke bila picha. Habari bila picha haijamwumiza mtu.

Kiswahili kinasomeka kama si Kiswahili

Mashine ya kutafsiri ina alama zake. Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi anakuwa “Waziri wa Kazi”, na msomaji anadhani habari inahusu ajira. Spika wa Bunge anakuwa “msemaji wa Bunge”. Andaeni orodha ya vyeo na taasisi za Uganda, istilahi sitini au sabini, na kila mhariri awe nayo. RDC, yaani mwakilishi wa Rais wilayani, acheni RDC, na LC1, yaani baraza la kijiji, acheni LC1: ndivyo watu wanavyosema, na tafsiri zake huwachanganya wasomaji kuliko kuwasaidia.

Kuna shida ya pili isiyo kosa la mtu. Wasomaji wenu wametoka pande nyingi. Taksi ya Kampala, gari la abiria 14, ni matatu kwa Mkenya na daladala kwa Mtanzania, na mgeni akisoma “taksi” anafikiria gari dogo la kukodi. Mkongomani kutoka Lubumbashi akiandika kwamba mtu “anatumika” sokoni ana maana kwamba anafanya kazi huko. Msomaji wa Busia anaelewa mtu huyo anatumiwa. Msimcheke, wala msimsahihishe kana kwamba amekosa adabu. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili sanifu, na maneno yaliyonukuliwa yabaki kama yalivyosemwa, yakifuatwa na ufafanuzi mfupi pale tu maana inapoweza kugeuka.

Tovuti yenyewe inasumbua

Mwandishi analalamika haoni mahali pa kuweka picha: kwenye WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, ngazi ya mchangiaji (Contributor) haina ruhusa ya kupandisha faili. Msimpandishe hadi ngazi ya mwandishi (Author) kwa ajili hiyo, maana huyo anaweza kuchapisha yake bila mhariri; apokelewe picha na mhariri wa zamu, au muongeze ruhusa hiyo moja kwa kiongezi cha kusimamia ngazi.

Habari zinatoka zikiwa na saa ya nyuma kwa saa tatu: tovuti imewekwa kwenye saa ya UTC. Chagueni Kampala kwenye mipangilio ya jumla.

Habari iliyopangwa kutoka alfajiri haikutoka. Ratiba ya WordPress huamshwa na mtu anayefungua tovuti, na usiku tovuti ndogo haina wageni. Zimeni ratiba hiyo kwa kuweka DISABLE_WP_CRON kuwa true ndani ya wp-config.php, kisha kwenye paneli ya mwenyeji wa tovuti pangeni seva iite wp-cron.php kila dakika 15.

Kiungo kikitumwa WhatsApp hakionyeshi picha: picha ya juu ni nzito. Iwe na upana wa pikseli 1200 na kimo cha 630, chini ya KB 300. Zilizo ndani ya habari zisizidi KB 100. Picha iliyotoka simuni bila kupunguzwa ni MB nne hivi. Ishirini na tano za namna hiyo zinamaliza bando la MB 100, na mwenye bando hilo harudi.

Tovuti imetoweka yote: jina halikulipiwa, na onyo lilikwenda kwenye barua pepe ya mtu aliyeondoka mwaka juzi. Jina la tovuti lisajiliwe kwa barua pepe ya jumuiya inayosomwa na watu watatu, na nakala rudufu iwekwe nje ya seva kila wiki. Ijaribuni kuirejesha mara moja kila miezi mitatu. Nakala isiyowahi kujaribiwa si nakala.

Habari zinamsifu mtu mmoja

Zipangeni habari za miezi miwili kwa jina la anayetajwa. Diwani mmoja akitokea mara tisa, na mara zote anazindua kitu, kuna njia iliyofunguka. Inaweza kuwa bahasha, ile inayoitwa nauli. Inaweza pia kuwa jambo jepesi zaidi: ofisi yake ndiyo pekee inayowatumia waandishi taarifa na picha zilizo tayari, na mwandishi asiye na nauli anachukua kilichomfikia.

Kwa hiyo msianze na mahakama ya kundi. Ulizeni nani aligharamia safari, na jibu liandikwe chini ya habari: “Mwandishi alisafirishwa na waandaaji.” Mwandishi akijua sentensi hiyo itatoka, ataamua mwenyewe. Aliye mwanachama au mtumishi wa chama chochote aandike michezo, kilimo, elimu, lakini asiandike siasa za eneo lake, na hili aambiwe siku anayojiunga, si siku ya uchaguzi. Bahasha ikithibitika, habari husika ipewe maelezo juu yake na ibaki mahali pake. Kuifuta kimya ni kumficha aliyeitoa.

Barua ya wakili imefika, au simu ya polisi

Msifute chochote, wala msijibu kwa simu. Hifadhini rasimu zote, mazungumzo na picha, na ulizeni madai kwa maandishi: sentensi ipi, na kosa ni lipi. Kwenye makundi ya kazi zimeni ujumbe unaojifuta, kwa sababu ushahidi wenu wa kwamba mlimtafuta mtuhumiwa uko humo. Kwa kila habari ya njia nzito mwandishi aandike tarehe na saa alizopiga simu, namba ngapi, na jibu lililopatikana. Mtuhumiwa apewe angalau siku moja kamili, isipokuwa pale ambapo kuchelewa kunahatarisha maisha.

Ikiwa mlikosea, sahihisho litoke mahali pale pale habari ilipotoka, likitaja kosa lenyewe kwa maneno wazi, na kiungo chake kirudishwe kwenye makundi yale yale mlikokituma mwanzo.

Sheria mzijue kwa majina yake, maana kitisho hulishwa na kutojua. Mahakama ya Juu ilifuta kosa la kuchapisha habari za uongo Februari 2004. Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la uchochezi mwaka 2010, na Januari 2023 ikafuta kifungu cha 25, kile cha mawasiliano ya kuudhi, cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011. Kashfa ni jambo jingine na haikufutwa na hukumu hizo. Marekebisho ya 2022 ya sheria hiyo ya kompyuta yaliweka kosa la kusambaza taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, kwa hiyo picha ya mtoto isitoke bila idhini iliyoandikwa, na mtoto aliye mahakamani au aliyedhulumiwa asitajwe kwa jina, shule wala kijiji. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inagusa pia orodha yenu ya namba za waandishi na vyanzo: isikae kwenye faili inayofunguliwa na kila mtu. Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilianza mwaka 2018 kuwataka wachapishaji wa mtandaoni wajisajili. Mkaulize huko masharti ya sasa kabla hamjaulizwa.

Sheria inaweza kuwa upande wenu pia. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005, ofisi ya serikali ina siku 21 za kujibu ombi la maandishi. Mwandishi anayezungushwa kuhusu fedha za zahanati apeleke ombi, agongewe muhuri kwenye nakala yake, na ahesabu siku.

Intaneti imezimwa

Uchaguzi wa Januari 2021 ulifanyika tarehe 14. Intaneti ilikatwa jioni ya tarehe 13 na kurudi tarehe 18, na Facebook ikabaki imefungwa baada ya mingine kufunguliwa. Jumuiya iliyoweka wasomaji wake wote Facebook iliwapoteza wote kwa mkupuo.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi wowote, namba za simu za waandishi wote ziwe kwenye karatasi, kwa wahariri wawili wanaokaa sehemu tofauti. Wapangieni waandishi saa ya kupiga simu ya kawaida, mathalani saa moja usiku, kila mmoja dakika tatu: nini, wapi, saa ngapi, umeona au umeambiwa. Mhariri anaandika daftarini na kumsomea tena alichoandika kabla ya kukata. Mwandishi naye apige picha na kuzihifadhi simuni bila kumtumia mtu, na asizihariri.

Mtandao ukirudi msimwage kila kitu kwa saa moja. Anzeni na yanayogusa usalama na afya, kisha mengine kwa mpangilio wa tarehe, kila habari ikiwa na mistari miwili juu: siku tukio lilipotokea, na siku ilipochapishwa. Zile mlizoambiwa tu bila kuonwa na mwandishi zirudi kwenye njia nzito, hata kama zina siku tano daftarini na kila mtu kundini anauliza kwa nini hazijatoka.